Vani kubwa kwenye theluji: soma dalili kabla hujanunua matairi

Vani ndefu yenye paa la juu haina tabia za gari dogo. Asubuhi inatoka ghalani na mzigo wa tani moja, jioni inarudi tupu, na matairi ni yale yale. Ndiyo maana dereva wa Ford Transit, Mercedes-Benz Sprinter au Ram ProMaster (pacha wa Fiat Ducato ya Ulaya) akilalamika kwamba matairi yake ya baridi hayashiki, mimi siulizi kwanza ni ya kampuni gani. Nauliza gari lilikuwa na mzigo kiasi gani, mzigo ulikaa wapi, na upepo ndani ya matairi ulikuwa psi ngapi (psi ni kipimo cha geji ya upepo). Malalamiko mengi huishia hapo, na hela ya matairi mapya inabaki mfukoni.

Tafuta chini dalili inayofanana na yako.

Gari likiwa tupu halitoki kwenye maegesho

Mahali ni tambarare, theluji haijafika hata kwenye kifundo cha mguu, lakini ukikanyaga mafuta magurudumu ya nyuma yanazunguka palepale. Hii ni dalili ya Sprinter na Transit zinazosukumwa na ekseli ya nyuma. Injini iko mbele, nyuma kuna bati na nafasi wazi. Ekseli inayofanya kazi ya kusukuma ndiyo iliyo nyepesi.

Usiulaumu uzito kabla hujachutama ukatazama ubavu wa tairi. Tafuta mchoro mdogo wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Ukikuta herufi M+S (matope na theluji) peke yake, hilo ni tamko la mtengenezaji kuhusu umbo la meno ya tairi tu, halina jaribio nyuma yake. Mlima ndio unaosema kwamba tairi lilipimwa kwenye theluji iliyoshindiliwa likafikia kiwango. Vani nyingi za Amerika Kaskazini hutoka kiwandani na matairi ya misimu yote yenye M+S, na mwenye gari anaona herufi zile akaridhika. Wajerumani waliliona tatizo hilo wakabana sheria: matairi ya baridi yaliyotengenezwa tangu 1 Januari 2018 lazima yawe na mlima, na muda wa nyongeza waliopewa wenye M+S za zamani uliisha 30 Septemba 2024.

Kisha gusa mpira wenyewe. Asubuhi ya nyuzi 10 chini ya sifuri, vua glavu ukandamize ukucha kwenye jino la tairi. Tairi la baridi halisi bado linaupokea ukucha na kuacha alama kwa kitambo. Tairi la kiangazi linaukataa kabisa. Mpira wa kiangazi huanza kukakamaa mara joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi, na theluji huwa bado haijaanguka hata siku moja. Ukiwa hapo hapo chini, angalia mipasuo myembamba iliyochanjwa juu ya kila jino, upana wa wembe. Mipasuo hiyo ndiyo inayong'ata theluji. Ikishafutika kwa kuchakaa, umebaki na mpira laini usio na makali.

Mlima upo, mpira ni laini, mipasuo ipo na bado gari halitoki? Sasa ni uzito. Weka mifuko ya mchanga sakafuni juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo, uifunge kwa mikanda. Usiirundike mlangoni kabisa, kwa sababu uzito ukikaa nyuma ya ekseli unainua pua ya gari na kuupunguzia usukani nguvu. Kumbuka pia kwamba kilo za mchanga zinahesabiwa kwenye mzigo unaoruhusiwa. Siku gari limejaa vifurushi, mchanga ushuke. Mfuko mmoja tu unatosha kubaki, wa kumwaga mbele ya gurudumu linalozunguka bure.

Wenye vani zinazosukumwa na magurudumu yote manne hawaioni sana dalili hii, na hapo ndipo wanapojidanganya. Mfumo huo unasaidia kuondoka, lakini breki zinatumia matairi yale yale uliyo nayo.

Tupu inapanda, ikipakiwa inakwama kilimani

Hapa ni ProMaster na Ducato, zinazovutwa na magurudumu ya mbele. Mzigo mzito ukikaa karibu na mlango wa nyuma, kilimani pua inakuwa nyepesi na matairi ya mbele yanapoteza mshiko. Sogeza vizito mbele, viegemee ukuta wa nyuma ya dereva. Halafu pima kina cha meno ya mbele: matairi hayo yanavuta, yanageuka na kubeba kazi kubwa ya breki, kwa hiyo yanaisha kabla ya wenzake. Kuyabadilishana mbele na nyuma kila msimu kunatibu tatizo hili kwa bei ya kazi ya fundi tu.

Umekunja usukani, gari linanyoosha

Sababu ya kwanza, na ya kijinga kuliko zote, ni kununua matairi mawili. Mwenye Transit anaweka mawili ya baridi nyuma "maana ndiyo yanayosukuma", anaondoka vizuri, kisha kwenye kona ya kwanza yenye barafu matairi ya mbele hayageuki wala hayasimami. Mwenye ProMaster anafanya kinyume chake na kupata ubaya mwingine: mbele inashika, nyuma inachomoka, gari linazunguka. Yawe manne ya aina moja. Kama ekseli ya nyuma ina magurudumu mawili mawili kila upande, yawe sita.

Sababu ya pili ni kuchakaa. Kisheria sehemu nyingi zinaruhusu meno ya milimita 1.6, lakini kiwango hicho hakikuwekwa kwa ajili ya theluji. Austria inadai milimita 4 kwa tairi la baridi, na hicho ndicho kiwango ninachokifuata popote. Aliye Ulaya achomeke sarafu ya euro 2 kati ya meno: ukingo wake wa rangi ya fedha una upana wa takriban milimita 4, na ukionekana wote tairi hilo limemaliza kazi ya majira ya baridi.

Sababu ya tatu inahitaji maelezo marefu kidogo. Jaribio la mlima hufanyika kwenye theluji. Halisemi lolote kuhusu barafu, yaani ule utando usioonekana unaotokea madaraja yakiganda usiku au magari yakisugua theluji ya makutano hadi ing'ae. Matairi yanayouzwa kama ya hali zote za hewa, yenye mlima na yanayokaa garini mwaka mzima, yanaweza kufaulu jaribio hilo na bado yakakuangusha kwenye barafu. Kibandiko cha matairi cha Umoja wa Ulaya kilichoanza Mei 2021 kina picha ya barafu, lakini iliwekwa kwa ajili ya matairi ya magari madogo. Kwenye matairi ya vani utaikosa, hata kama tairi linashika barafu vizuri sana.

Kwa hiyo muuzaji aulizwe swali hili: tairi hili ni la Ulaya ya Kati au la nchi za kaskazini? La Ulaya ya Kati limeundwa kwa rojo la theluji, mvua baridi na mwendo wa barabara kuu. La kaskazini lina mpira laini zaidi na mipasuo mingi zaidi kwa ajili ya barafu na baridi kali. Anayesambaza mizigo Hamburg, ambako siku nyingi za Januari ni mvua ya nyuzi 3, hana haja ya la kaskazini. Litamyumbisha kwenye lami yenye maji. Aliye Edmonton, Winnipeg au Minneapolis asikubali kitu kingine.

Mkia unaelea kwenye barabara kuu

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote. Gari limepakiwa, barabara ni kavu, upepo wa ubavuni unapiga, na sehemu ya nyuma inahisi kama imechelewa kufika. Unasahihisha usukani kila mara. Wengi husema ndivyo matairi ya baridi yalivyo, ni laini. Laini kweli, lakini mara nyingi tatizo ni tairi lisilo la vani.

Soma namba zake. Transit nyingi zina 235/65R16C 121/119R. Herufi C mwishoni mwa ukubwa inaonyesha tairi la gari la mizigo, ile ile iliyoandikwa kwenye 195R15C ya Hiace uliyoiacha nyumbani Afrika Mashariki. Namba 121 ni kipimo cha uzito: kilo 1,450 kwa tairi likiwa peke yake. Namba ya pili, 119, ni kilo 1,360, pale tairi linapofungwa mawili mawili upande mmoja. R ni mwendo wa juu wa kilomita 170 kwa saa.

Sasa nenda kwenye matangazo ya matairi ya bei nafuu uandike 235/65R16. Litakutokea tairi zuri, lina mlima, jipya, bei imepungua, limeandikwa 103T na halina C. Linaingia kwenye rimu bila ubishi. Lakini 103 ni kilo 875. Mawili kwenye ekseli moja yanabeba kilo 1,750 badala ya 2,900, na Marekani tairi la gari dogo likifungwa kwenye vani au pikapu uwezo wake hugawanywa kwa 1.10, yaani linabaki na kilo 795. Fungua mlango wa dereva usome kibandiko cha uzito wa ekseli ya nyuma, ulinganishe. Tairi lililozidiwa linakunja ubavu kila gari linapoyumba, ndiyo ile hisia ya mkia kuelea. Linapata moto pia, hata kwenye baridi, na moto ndio unaolipasua.

Amerika Kaskazini utakuta pia matairi ya LT, yaani ya malori mepesi. Sprinter 2500 za kule nyingi huvaa LT245/75R16, na ProMaster hutumia 225/75R16. Pale tafuta daraja la mzigo D au E kama kibandiko kinavyotaka. E ndilo gumu zaidi. Kutoka LT kwenda C au kinyume chake si dhambi, mradi ukubwa ufanane, namba ya uzito isishuke na rimu ikubali upepo unaotakiwa. Kushusha namba ya uzito, hapana, hata muuzaji akiapa.

Kama namba ni sawa na mkia bado unaelea, pima upepo wa nyuma. Vani nyingi zinataka psi nyingi zaidi nyuma kuliko mbele, na fundi aliyezoea magari madogo hujaza zote sawa. Kuna na wale wanaopunguza upepo makusudi ili tairi lishike. Aliyewahi kuendesha kwenye mchanga wa Oman anajua kwamba mbinu hiyo inafanya kazi, kwenye mchanga, kwa mwendo wa pole, na upepo unarudishwa kabla ya lami. Vani yenye tani moja kwenye barabara ya theluji iliyoshindiliwa haiko kwenye mchanga.

Taa ya upepo inawaka kila asubuhi

Kanuni inayotembea mitaani ni kwamba tairi hupoteza psi 1 kwa kila nyuzi 5.5 za Selsiasi zinazoshuka. Kanuni hiyo ni ya gari dogo lenye psi 35. Upepo hupungua kwa uwiano, kwa hiyo tairi la vani lenye psi 70 hupoteza karibu psi 1.6 kwa mshuko huo huo. Tuseme fundi amekujazia 70 ndani ya gereji yenye nyuzi 20, gari likalala nje kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri. Asubuhi geji itasoma 57 hivi. Zimeondoka 13 na hakuna pancha.

Kibaya zaidi, taa inaweza isiwake. Kanuni ya Marekani inailazimu iwake upepo ukiwa umepungua kwa robo chini ya kiwango cha kibandiko, na robo ya 70 inakuteremsha hadi 52 au 53. Kwa hiyo taa ikiwaka kwenye vani, umekwisha kukosa upepo mwingi sana. Isipowaka, haijakuhakikishia chochote. Vani zenye magurudumu mawili mawili nyuma hazimo hata kwenye kanuni hiyo. Nunua geji inayofika psi 100, upime nje, asubuhi, kabla ya kuwasha gari, na ujaze hadi namba ya kibandiko kwa baridi hiyo hiyo.

Taa ikipepesa kwa dakika moja au zaidi kidogo kisha ikabaki imewaka, hilo ni jambo tofauti: gari halipati habari kutoka kwenye sensa, vile vifaa vya kupima upepo vilivyo ndani ya magurudumu. Umefunga rimu za baridi zisizo na sensa, au betri za sensa za zamani zimekufa.

Tairi moja likipungua peke yake baada ya kujazwa kwenye kituo cha mafuta, tazama ventili. Pampu zao zina maji ndani ya mpira, maji yanaganda kwenye kijiti cha ventili na kukiacha wazi. Ingiza gari mahali penye joto kwanza. Usiitoboe toboe ventili.

Usukani unatetemeka

Kabla hujalipia kubalansi, piga goti uchungulie ndani ya rimu. Ukipita kwenye theluji nzito au ukiegesha kwenye rojo la barabarani usiku, theluji inaingia ndani ya rimu, inaganda upande mmoja kama kiraka, na kilo moja ya barafu mahali pasipo pake inatosha kuutikisa usukani mara mwendo unapopanda. Igonge kwa mpini wa brashi, ikwangue, kagua upande wa ndani unaotazama breki maana ndiko inakojificha. Wapo waliobalansi magurudumu mara mbili kwa ajili ya barafu iliyoyeyuka yenyewe gereji.

Kutetemeka kwa kilomita chache za kwanza asubuhi kisha kunyamaza ni tairi lililolala na mzigo likabonyea chini kwa baridi. Linapopata joto linarudi umbo lake. Usishughulike nalo.

Kutetemeka kulikoanza siku chache baada ya kubadilisha matairi ni suala la nati. Simama uzikague sasa hivi. Kutu kati ya rimu na kitovu cha gurudumu huzuia rimu kukaa sawasawa, ikikaa baadaye nati zinalegea. Ndiyo maana nati hukazwa upya baada ya kilomita 80 hadi 160, kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Sprinter inatumia bolti, na mara nyingi bolti za rimu ya aluminiamu hazifai kwenye rimu ya chuma. Uliza kabla ya kuzichanganya.

Matairi yameisha kwa msimu mmoja

Uliyaacha hadi Juni. Mpira laini kwenye lami ya moto, chini ya gari la tani 3, unalika haraka. Wenye magari ya Japani kule Dar es Salaam na Mombasa wanalijua hili bila kulitaja: gari limefika bandarini na matairi yaliyoandikwa STUDLESS, yanaonekana bado mapya, na baada ya muda mfupi yana kipara. Ni matairi ya barafu ya Hokkaido yaliyopelekwa pwani.

Kama ni ya misumari, yaani vipande vidogo vya chuma vilivyochomekwa kwenye meno ya tairi ili ving'ate barafu, na misumari imeng'oka, hayakupewa muda wa kuzoea. Kilomita 500 za kwanza ziwe za upole, bila kukanyaga ghafla wala kufunga breki kwa nguvu, ili misumari ikae.

Ukishaamua kununua

Nenda dukani na picha ya kibandiko cha mlango, picha ya ubavu wa tairi la sasa, na jibu la uzito wa kawaida wa mzigo wako. Kabla hawajafunga, soma tarakimu nne za mwisho za DOT, msimbo ulio ubavuni mwa tairi: 3524 ni wiki ya 35 ya mwaka 2024. Mimi sichukui "jipya" lililokaa rafu zaidi ya miaka mitatu.

Misumari iulizie sheria kabla ya bei. Ujerumani imeipiga marufuku, Minnesota hairuhusu kwa wakazi wake, Ontario inairuhusu kwa wakazi wa kaskazini yake tu, na Sweden inaikubali kuanzia 1 Oktoba hadi 15 Aprili. Quebec haitanii kuhusu tarehe: matairi ya baridi ni lazima kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi. Weka miadi na fundi Oktoba, kwa sababu theluji ya kwanza ikianguka kila mwenye gari anampigia simu fundi yule yule, na vani inahitaji jeki kubwa ambayo si kila gereji inayo.

Mwenye magurudumu mawili mawili nyuma aongeze jambo moja: pima urefu wa matairi yaliyo upande mmoja. Jipya likiwekwa kando ya lililochakaa, jipya linabeba mzigo wote na lile jingine linaburuzwa. Na ukimaliza kufunga, pitisha mkono katikati yao uhakikishe hayagusani gari likiwa na mzigo.